Kaburateri mbili kwa moteri moja: ni faida ama ni taabu?



Swali moja linarudi kila mara katika mazungumzo ya wale wanaopenda mutuka za zamani: je, tukiondoa kaburateri moja ya moteri na kuweka mbili, mutuka itapata nguvu mara mbili? Wengine wanasema kwa sauti kubwa: "Kaburateri mbili, nguvu mbili! Weye tia tu, utaona vile itakimbia." Wengine wanakataa kabisa, wanasema ni kuunguza esansi bure. Sisi wa seksyo ya mekanike tunaona kwamba hawa na wale wanasema nusu ya kweli. Njo maana tumeandika kurasa hizi. Jambo lenyewe si la mchezo. Katika jamaa nyingi mutuka ya zamani ni mali inayoleta chakula na malipo ya masomo. Mtu anayeigusa bila kujua anaweza kutoboa pistoni, ama kuchoma mutuka yote kwa moto.

Ili tusiseme juu ya mutuka zote kwa mara moja, tumechagua moteri moja tu: ile ya Volkswagen ya mgongo wa mviringo, ile wanaita Coccinelle. Wazee wetu wanaijua vizuri. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka katika kiwanda cha Puebla, kule Meksiko, mwaka 2003. Moteri yake iko rahisi kufungua, tena umbo lake linaonyesha wazi kwa nini watu walifikiri kuweka kaburateri mbili.

1. KAZI YA KABURATERI

Esansi ikiwa maji tu haiwaki vizuri ndani ya silindri. Inapaswa kuchanganywa na hewa, karibu kilo 15 za hewa kwa kilo 1 ya esansi. Pistoni inaposhuka inavuta hewa. Hewa ile inapita katika koo la kaburateri, mahali palipobanwa. Mmeona vile maji ya mto yanakimbia penye mlango mwembamba katikati ya mawe. Hewa nayo inaongeza mbio pale kooni, na mgandamizo wake unashuka. Mwitalia mmoja, Giovanni Battista Venturi (1746-1822), njo alieleza jambo hili, na koo la namna ile linaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Kwa sababu mgandamizo umeshuka, esansi inavutwa kutoka katika kikombe cha kaburateri. Inapita katika tundu dogo sana linaloitwa jikleri, kisha inanyunyizwa ndani ya hewa sawa na ukungu. Chini ya koo kuko papiyo, ndiyo kifuniko cha mviringo kinachogeuka. Ukikanyaga akseleratere unafungua papiyo tu. Hewa inaingia kwa wingi, nayo inaita esansi yake.

Basi shikeni neno hili: kaburateri haizai nguvu. Nguvu inatoka kwa hewa na esansi zilizoingia katika silindri na kuwaka pale kwa saa yake. Kaburateri ni mlango. Kuongeza mlango kunasaidia tu kama mlango wa kwanza ulikuwa mwembamba, ama ulikuwa mbali na chumba.

2. KWA NINI MOTERI HII INAFAA

Katika Volkswagen silindri nne zimelala: namba 1 na 2 upande wa kuume, namba 3 na 4 upande wa kushoto. Kaburateri ya kiwanda iko moja, juu katikati. Kwa hiyo mchanganyiko wa hewa na esansi unasafiri katika bomba refu, kuume na kushoto, mbele ya kufika kwenye kulase. Safarini bomba linakuwa baridi, matone ya esansi yanashika kuta zake kama umande. Kiwanda kilijua shida hii. Njo sababu waliweka bomba dogo la pili, linalopitisha moshi wa moto ili kupasha njia ile chini ya kaburateri.

Ukiweka kaburateri mbili, kila moja inasimama karibu na kulase yake. Njia inakuwa fupi, matone hayana nafasi ya kuanguka, na kila upande unapata chakula chake. Mwenye kuendesha anasikia tofauti mara moja: akikanyaga, moteri inajibu bila kusita. Hiyo njo faida ya kwanza, kuliko hata ile ya mbio.

Kiwanda chenyewe kilifanya hivyo. Mwaka 1963 kilitoa Volkswagen 1500 S yenye kaburateri mbili, na nguvu ikapanda kutoka farasi 45 mpaka farasi 54. Lakini angalieni vizuri: waliongeza pia mbano ndani ya silindri. Kwa hiyo wale farasi 9 hawakuletwa na kaburateri peke yao. Na kule Brazili, Coccinelle iliporudi kiwandani kutoka 1993 mpaka 1996, moteri yake ya 1600 ilikuwa na kaburateri mbili.

3. KUCHAGUA AINA

Kuko aina mbili. Ya kwanza: kaburateri moja yenye koo moja kwa kila upande. Koo moja linalisha silindri mbili. Ya pili: kaburateri moja yenye makoo mawili kwa kila upande, kama Weber 40 IDF. Hapo kila silindri iko na koo lake.

Vijana wengi wanatamani ile ya pili kwa sababu ni kubwa na inapendeza macho. Sisi tunasema: kama moteri ni ya kawaida, ile ya kwanza inatosha. Koo likiwa kubwa kupita kiasi, hewa inatembea polepole katika mwendo mdogo, hainyunyizi esansi vizuri, na mutuka inakohoa kila unapoondoka. Ni sawa na kumvalisha mtoto viatu vya baba yake. Yuko na viatu vikubwa, lakini hakimbii.

Kama mmechagua ile ya koo moja, hakikisheni kwamba kuko bomba dogo la kusawazisha linalounganisha upande wa kuume na wa kushoto. Sababu yake ni hii. Silindri zinawaka kwa mpango wa 1-4-3-2. Hesabuni: nyuma ya 1, ambayo ni ya kuume, zinakuja 4 na 3, zote za kushoto. Kisha 2, na tena 1, zote za kuume. Basi kila kaburateri inavutwa mara mbili mfululizo, halafu inapumzika. Bomba la kusawazisha linapunguza mitikisiko hiyo, na relanti inatulia.

4. MBELE YA KUFUNGUA KITU CHOCHOTE

Kaburateri mbili haziponyi moteri mgonjwa. Kwanza pimeni mbano wa silindri zote nne. Kama moja iko chini sana kuliko wenzake, acheni kaburateri, tengenezeni moteri kwanza. Pimeni sopape wakati moteri iko baridi kabisa: kwa moteri nyingi za 1600 nafasi ni milimita 0.15. Pimeni platine za delko: milimita 0.4. Tazameni buji na nyuzi zake. Mtu anayeruka kazi hii atatafuta kosa katika kaburateri wiki mbili nzima, kumbe kosa liko kwenye sopape.

Angalieni delko vilevile. Ziko delko ambazo zinasogeza avansi kwa mvuto wa hewa kutoka katika kaburateri ya kiwanda. Ukiondoa kaburateri ile na kukosa mahali pa kufunga bomba lake, moto wa buji hautatangulia tena inavyofaa. Mutuka itakuwa nzito, nawe utasema kaburateri mpya ni mbaya. Katika hali hiyo inatakiwa delko inayosogeza avansi kwa vizito vinavyofunguka kwa mzunguko. Hata hivyo, avansi yote katika mbio isizidi digri 30 ama 32.

5. KAZI YA KUFUNGA

a) Ondoeni waya wa batteri. Zibeni bomba la esansi. Kazi ifanyike nje ama penye hewa nyingi, mbali na sigara na makaa.

b) Toeni filtri, kaburateri na bomba lake refu. Pale pale zibeni matundu ya kulase kwa kitambaa safi. Ekru moja ikianguka humo, siku ya kuwasha itakutana na pistoni.

c) Yale matundu mawili ya moshi yaliyokuwa yanapasha bomba la zamani, zibeni kwa vibati na jwenti. Yasipozibwa, moshi wa moto utatoka ndani ya chumba cha moteri.

d) Safisheni nyuso za kulase. Wekeni kila bomba jipya juu ya kioo kilichonyooka: likitikisika, limepinda. Tieni jwenti mpya, kisha fungeni ekru kidogo kidogo, huku na huku, bila kutumia nguvu nyingi. Hewa ya wizi inayopita penye jwenti ni adui mkubwa, kwa sababu inapunguza esansi katika mchanganyiko, na upande ule unapata moto mkali.

e) Gawanyeni njia ya esansi kwa kipande cha njia tatu. Mabomba mapya, na kila mwisho uwe na kifungo chake cha chuma. Pompi ya kiwanda inatosha kwa kaburateri ndogo. Kaburateri hizi zinapenda mgandamizo mdogo, karibu bari 0.2 mpaka 0.25. Ukizidi, esansi inashinda sindano ya flotteri na kumwagika juu ya moteri.

f) Fungeni fimbo za akseleratere. Mmoja wenu akanyage mpaka mwisho, mwingine achungulie juu ya makoo: papiyo zote mbili zianze kufunguka kwa dakika moja, na zisimame wima pamoja. Kila kaburateri iwe na resori yake ya kurudisha. Resori ikikatika na nyingine haiko, mutuka inaendelea kukimbia hata mguu umetoka.

g) Kila kaburateri iwe na filtri ya hewa. Wengine wanaacha makoo wazi juu ya kupenda sauti yake. Katika barabara zetu za vumbi, hiyo ni kusaga pete za pistoni kwa mchanga.

6. KUPATANISHA KABURATERI MBILI

Wahenga walisema: mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika moteri hii tunawalazimisha kukaa. Kama kaburateri ya kuume inavuta hewa nyingi na ya kushoto inavuta kidogo, silindri mbili zinafanya kazi ya nne, na hizo zingine zinabebwa. Moteri inatetemeka, esansi inaisha, na nguvu inakuwa chini kuliko wakati wa kaburateri moja. Hapa njo wengi wanashindwa, halafu wanarudisha ile ya zamani.

Njia yake ni hii. Washeni moteri, iende mpaka ipate moto kabisa, dakika 15 hivi. Sababu ni kwamba moteri inapopata moto inavimba kwa upana, na kaburateri mbili zinasogea mbali kidogo. Ukipima baridi, vipimo vyako vitageuka barabarani.

Fungueni fimbo za akseleratere ili kila kaburateri isimame peke yake. Pimeni mvuto wa kila koo kwa chombo cha kupimia hewa. Kama hamna chombo, tafuteni bomba la mpira la urefu wa mkono mmoja: ncha moja kwa sikio, ncha ingine mdomoni mwa koo, mahali palepale kwa kila upande. Sikilizeni sauti ya hewa. Geuzeni visi ya papiyo mpaka sauti zifanane, na relanti ibaki karibu mizunguko 850 ama 900 kwa dakika.

Sasa shikeni visi ya mchanganyiko. Mwanzo wake ni kuifunga polepole mpaka iguse, kisha kuirudisha mzunguko mmoja na nusu. Moteri ikiwaka, ifungeni kidogo kidogo mpaka moteri ianze kusinzia, halafu ifungueni mpaka ikimbie sawasawa. Fanyeni kuume, fanyeni kushoto, rudieni kuume. Mwisho rudisheni fimbo bila kuzilazimisha. Kama fimbo ni fupi ama ndefu, rekebisheni fimbo yenyewe, msiguse tena visi. Pimeni mara ya pili katika mizunguko 2000 hivi: hapo njo mutuka inatembea, si katika relanti.

7. JIKLERI NA MILIMA YETU

Vitabu vya kaburateri vinatoa vipimo vya nchi zilizo karibu na usawa wa bahari. Kwetu sivyo. Ziwa Kivu liko katika urefu wa metre 1,460. Pale mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 85 tu ya ule wa baharini. Hewa ni nyepesi, lakini jikleri inaendelea kumimina karibu kama kule chini. Kwa hiyo mchanganyiko unakuwa na esansi nyingi: moshi mweusi, buji nyeusi, pesa zinapotea.

Namba ya jikleri ni tundu lake kwa sehemu za mia za milimita: 130 ni milimita 1.30. Mtu wa Bukavu ama Goma atahitaji namba iliyo chini kidogo kuliko ile ya kitabu. Lakini ajue kwamba akishuka mpaka Ziwa Tanganika, metre 773 tu, hewa itakuwa nzito na esansi yake itapungua mbele ya hewa ile. Hiyo ni hatari kuliko moshi mweusi. Mchanganyiko wenye esansi kidogo unawaka kwa moto mkali, na moteri hii inapozwa kwa hewa, haina maji. Katika moteri za mbele ya 1971, silindri namba 3 ndiyo inateseka kwanza, kwa sababu kipoza mafuta kinasimama katika njia ya hewa yake.

Basi someni buji. Endesheni mutuka kwa nguvu kilometa chache, zimeni moteri bila kuiacha kwenye relanti, toeni buji zote nne. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeusi kama masizi: esansi nyingi. Nyeupe kama chokaa: simameni, msiendelee na safari, ongezeni jikleri. Na kama buji za upande mmoja hazifanani na za upande wa pili, rudini kwenye sura ya 6.

Asubuhi za baridi nazo zina neno lake. Bomba la kupasha limetolewa, na kaburateri nyingi za namna hii hazina starteri. Kanyageni mara mbili mbele ya kuwasha, kisha mpe moteri dakika chache. Ikizimika mara ya kwanza, hiyo si ugonjwa.

8. MOTO

Tumeliweka neno hili peke yake makusudi. Njia za esansi sasa ni nyingi kuliko zamani, na zote ziko juu ya moteri ya moto, karibu na delko inayotoa cheche. Kifungo kimoja kilicholegea kinatosha. Kila wiki pitisheni mkono juu ya mabomba, na badilisheni bomba lililopasuka leo, si kesho. Mutuka iwe na chombo cha kuzimia moto cha unga. Tena mjue kwamba mwili wa moteri hii umetengenezwa kwa manyezi. Manyezi ikishika moto, kuimwagia maji kunauongeza. Mchanga mkavu ndio unasaidia. Na watu watoke kwanza, mutuka nyuma.

9. BASI TUFANYE AMA TUSIFANYE?

Kama moteri ni ya 1600, yenye afya, kama fre zimepimwa na zinashika, na kama mwenye mutuka yuko tayari kurudi mara kwa mara kupatanisha kaburateri zake, kazi hii inafaa. Atapata moteri inayojibu vizuri na kupanda mlima bila kulalamika. Asitazamie nguvu mara mbili, kwa sababu ukubwa wa silindri haukubadilika.

Lakini kama moteri inakula mafuta, kama fre zinavuta upande mmoja, ama kama pesa za kazi hii zinatoka katika chakula cha nyumba, tunasema wazi: acheni. Kaburateri moja iliyosafishwa na kupimwa vizuri inashinda mbili zinazogombana. Safisheni jikleri, badilisheni jwenti, pimeni sopape na avansi. Mara nyingi nguvu iliyotafutwa inapatikana pale.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kaburateri mbili zinapimwa wakati moteri iko moto?
2. Mutuka iliyopimwa Goma inashuka Kalemie. Nini itatokea kwa mchanganyiko, na ni buji ya rangi gani itakuonyesha?
3. Kwa nini kila kaburateri inataka resori yake?

Majibu yote yako ndani ya kurasa hizi. Anayetaka kuona kwa macho aje karakanani, alete mikono misafi na kitambaa.